Kuondoa michezo ya wanyamapori kwenye Nanenane na minada ya Tabora na Kigoma: mwongozo kamili

Kampeni ya namna hii huamuliwa kabla geti halijafunguliwa. Ikifika tarehe 1 Agosti, mwenye chatu ameshalipia eneo lake kwenye viwanja vya Nanenane vya Ipuli, Tabora, ana stakabadhi mfukoni, na watoto wameshapanga foleni wakitaka kupigwa picha na nyoka shingoni. Utakachofanya siku hiyo kitaonekana fujo. Unachokitafuta ni aya chache ndani ya fomu ya kuombea eneo la banda, na aya hizo huandikwa miezi mitatu au minne kabla, ofisini, na watu ambao huenda hata hawajui kwamba kuna mtu anazitaka. Mwongozo huu unaonyesha njia ya kuzifikia, kuanzia Januari hadi baada ya Nanenane. Kwa Kigoma Ujiji, Kasulu, Nzega, Urambo na kwingineko njia ni ileile. Kinachobadilika ni jina la halmashauri juu ya barua.

Kwanza, tenganisha vitu vitatu

Watu huviweka kapu moja, na hapo ndipo kampeni nyingi huanza kupwaya.

Kuna mchezo wa kibiashara: mtu ana chatu, tumbili wa kamba, pengine fisi au mamba mdogo kwenye beseni, anatoza kiingilio au pesa ya picha. Hili ndilo lengo lako.

Kuna ngoma. Wanyamwezi na Wasukuma wana vyama vya waganga na wachezaji wa nyoka vilivyodumu vizazi vingi, vyenye maarifa ya dawa za kung'atwa, nyimbo zao na manju wao, yaani waongozaji wa ngoma. Ukiingia kwa kusema "ngoma za nyoka ni ushenzi", umeshindwa siku hiyohiyo, tena utakuwa umestahili. Ombi lako ni dogo: ngoma ibaki, ngozi ya ng'ombe ilie, nyoka hai asiwepo. Nyoka wa mbao au wa kitambaa huchezeka jukwaani, na anayetazama kutoka safu ya kumi haoni tofauti.

Na kuna mabanda ya elimu, ambako taasisi za umma huleta wanyama hai kwenye vizimba. Hapa hakuna mchezo, ila mnyama bado yuko kwenye joto, vumbi na spika. Ushauri wetu ni kwamba mwaka wa kwanza usiombe yaondolewe. Omba masharti: kivuli, maji, sehemu ya mnyama kujificha asionekane, asiguswe, spika zisielekezwe kwake. Ukipigana na mwenye tumbili na taasisi ya serikali kwa wakati mmoja, utakosa wa kukusaidia kumchukua tumbili.

Januari na Februari: watu na karatasi

Watu 8 hadi 12 wanatosha. Wapate angalau mwalimu mmoja, mtu mmoja wa afya au mifugo, mtu mmoja anayeheshimika kwenye ngoma, na mmoja anayeandika Kiswahili cha ofisini bila makosa. Kikundi cha watu 40 kwenye WhatsApp kitakupa vibonzo na salamu za asubuhi, barua hakitaandika.

Kigoma kuna hazina ya ziada. Mkoa una Gombe, ambako Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwemtu mwaka 1960, na una Mahale, hifadhi nyingine ya sokwemtu. Mpango wa vijana wa Roots & Shoots, ulioanzia Tanzania mwaka 1991, umewahi kuingia shule nyingi; walimu walioulea wanajua kusimamia wanafunzi na kuandika ripoti. Watafute hao kabla ya kuanza upya.

Kisha soma sheria mbili mwenyewe, usitegemee ulichoambiwa. Ya kwanza ni Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009. Mnyamapori ni mali ya umma. Kumkamata, kummiliki au kumsafirisha kunahitaji kibali, na mamlaka inayoshughulika na hayo nje ya Hifadhi za Taifa na Ngorongoro ni TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania). Ya pili ni Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya 2008, inayokataza ukatili kwa wanyama. Hapa mtu wako ni daktari wa mifugo wa halmashauri.

Angalizo moja ambalo litakuokoa na aibu: usitamke neno "haramu" mpaka ujue kama mwenye mnyama ana kibali. Wengine wanacho. Ukimwita mtu jangili hadharani naye akatoa karatasi yenye mhuri, kampeni imekufa, na huenda ukashtakiwa kwa kumchafulia jina. Uliza kwa maandishi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa ofisi ya umma, na ofisi ina siku 30 za kujibu. Uliza mambo matatu tu: ni vibali gani vilitolewa kwa maonesho ya mwaka jana, kwa wanyama gani, na nani alikagua mabanda. Jibu la "hakuna kumbukumbu" nalo ni ushahidi mzuri.

Ushahidi unaosimama

Kama una picha za mwaka uliopita, anza nazo. Kama huna, nenda kwenye minada. Michezo hii haingoji Agosti. Kila banda lipate fomu ya ukurasa mmoja: tarehe, saa, mahali, aina na idadi ya wanyama, ukubwa wa kizimba, maji yapo au hayapo, kivuli, umbali hadi spika, mara ngapi mnyama ameshikwa ndani ya dakika 30, na dalili za mwilini. Ukubwa upime kwa hatua. Hatua ya kawaida ya mtu mzima ni kama sentimita 75, lakini pima yako nyumbani kwanza.

Picha zipigwe kwa utaratibu huu: moja pana inayoonyesha bango la banda na mazingira, moja ya kizimba chote, na kadhaa za karibu. Video iwe ya sekunde 60 bila kukatwa. Usizitume kama picha za kawaida za WhatsApp, kwa sababu hubanwa na hupoteza taarifa za saa na mahali. Zitume kama dokumenti na ile halisi ibaki kwenye simu na kwenye kadi ya akiba. Nyuso za watoto zifiche kabla ya kumpa mtu yeyote. Na usilipie picha na mnyama ili "upate ushahidi": umeshamnunulia mwenye banda chakula cha mchana.

Sasa dalili, maana hapa ndipo macho ya wengi hudanganyika.

Chatu mtulivu siye chatu aliyezoea watu. Nyoka hana joto lake mwenyewe. Anategemea la nje. Chatu anahitaji mahali penye nyuzi kama 26 hadi 32 pamoja na kona ya kujificha. Usiku wa Julai na Agosti Tabora husogelea nyuzi 15, na nyoka aliyelala kwenye sandarusi juu ya sakafu ya saruji huamka mzito, hawezi hata kujikunja vizuri. Mtazamaji anaona upole. Baada ya siku kadhaa hutokea ugonjwa wa mapafu: mapovu puani, mdomo wazi, kichwa kimeinuliwa ili apate hewa. Mchana hali hugeuka. Sandarusi hilohilo likiachwa juani au ndani ya gari lililofungwa humuua kwa muda mfupi. Angalia pia fizi nyekundu zenye usaha, gundi au uzi mdomoni, na magamba makavu yaliyobaki juu ya macho. Chatu aliyeshikwashikwa baada ya kula hutapika mlo wake, kwa hiyo wenye mabanda wengi hawamlishi kabisa kipindi chote cha maonesho. Uliza kwa upole amekula lini. Jibu liandike kama lilivyo.

Kwa kifutu na swila, maelezo ya kawaida ni kwamba "ameng'olewa meno". Hata kama ni kweli, si kinga. Nyoka huotesha meno mapya ya sumu maisha yake yote, na kidonda cha kung'olewa humletea maambukizi ya mdomo. Mwenye banda anayesema hivyo amekiri mambo mawili kwa sentensi moja, ukatili na hatari kwa umma.

Tumbili huchukuliwa akiwa mchanga, na mama wa tumbili hamwachii mtu mtoto wake kwa hiari. Kwa kawaida huuawa. Mtoto huyo akikaribia miaka minne au mitano anabalehe na kuanza kuuma, ndipo hukatwa meno, au huuzwa, au hupotea. Ndiyo maana karibu wote unaowaona kwenye michezo ni wadogo. Tazama alama ya kamba kiunoni, manyoya yaliyong'oka, kutembea mduara uleule, kujing'ata mkono. Na yale meno yanayoonekana anapopigwa picha si kicheko. Kwa tumbili, nyani na sokwemtu, midomo iliyovutwa nyuma meno yakaonekana mara nyingi ni woga. Jambo hili peke yake, likielezwa kwa picha mbili, hugeuza mawazo ya wazazi kuliko hotuba yoyote.

Hoja ya afya itumie kwa kipimo. Nyoka, kenge na kobe hubeba bakteria wa salmonela bila wao kuugua, na walio hatarini zaidi ni watoto chini ya miaka 5, wajawazito na wazee. Kwenye mabanda ya picha mtoto hutoka kwenye chatu akaenda kwenye muhogo wa kukaanga bila kunawa. Tumbili akiuma, kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha hospitali kwa ajili ya kichaa cha mbwa. Ishia hapo. Ukianza kutisha watu kwa milipuko ya virusi, wenye mashamba watakuelewa kwa namna yao na tumbili wa porini ndio watakaolipa.

Machi: kumwona mwenye mnyama

Wanaharakati wengi huruka hatua hii kisha hushangaa kwa nini mtaa mzima umewageuka. Mwenye banda anajulikana, ana ndugu, ana watoto shuleni. Nenda watu wawili, mmoja wao awe mzee au manju anayemfahamu. Shikamoo kwanza, karatasi baadaye. Usiende na kamera.

Msikilize anapata kiasi gani kwa siku nane za Nanenane na kiasi gani kwenye mnada wa kawaida. Usipojua namba hiyo huwezi kupendekeza mbadala wa maana. Wanaoshika nyoka wana ujuzi unaohitajika: kila masika kuna nyumba, maghala na shule zinazotafuta mtu wa kuondoa nyoka. India ilipiga marufuku michezo ya nyoka kupitia sheria yake ya wanyamapori ya 1972, na baadhi ya waliokuwa wakiicheza baadaye waligeuka waokoaji wa nyoka majumbani. Hapa kwetu mtu asianze kazi hiyo bila kuzungumza na TAWA, kwa kuwa kukamata nyoka na kumpeleka kwingine nako kunahitaji idhini. Mbadala mwingine ni jukwaa la sarakasi, mazingaombwe yasiyo na wanyama, au banda lilelile na mabango ya nyoka wa Tabora, ngozi zilizojivua zenyewe na nyoka wa mbao, na kiingilio chake kibaki palepale.

Atakataa mara ya kwanza. Mwambie wazi kwamba utaandika kwa mkurugenzi, asije akasikia kwa watu.

Machi hadi Mei: barua, kisha barua nyingine

Barua iende kwa Mkurugenzi wa Manispaa, kwa cheo na si kwa jina. Nakala ziende kwa Mkuu wa Wilaya, TAWA, daktari wa mifugo wa halmashauri, afisa utamaduni, na katibu wa kamati ya maandalizi ya Nanenane Kanda ya Magharibi. Kamati hiyo inabeba Tabora na Kigoma pamoja, hivyo barua mbili kutoka mikoa miwili kwa ombi moja zina uzito ambao barua moja ndefu haina.

Kurasa mbili tu, viambatisho visizidi vitano. Kichwa kiwe hivi:

YAH: OMBI LA KUWEKA MASHARTI KUHUSU WANYAMAPORI KWENYE FOMU ZA KUOMBA MABANDA

Ndani yake usilalamike; wape maneno tayari ya kunakili. Ofisa mwenye kazi nyingi hapendi tatizo, anapenda aya iliyokwisha kuandikwa. Tunapendekeza hizi:

"Mwombaji hataleta, hataonyesha wala hatatumia mnyamapori hai kwa mchezo, picha za malipo au burudani ya aina yoyote ndani ya viwanja.

Taasisi itakayoleta mnyamapori hai kwa elimu itawasilisha kibali cha mamlaka husika siku 14 kabla ya maonesho, itahakikisha kivuli, maji na mahali pa kujificha, na haitaruhusu mnyama kuguswa na umma.

Daktari wa mifugo wa halmashauri atakagua banda kabla ya kufunguliwa na wakati wowote baadaye.

Atakayekiuka atafungiwa banda bila kurudishiwa malipo."

Hiyo ya mwisho ndiyo yenye meno, na ndiyo watakayojaribu kuifuta. Ikifutwa, zilizobaki ni mapambo.

Peleka barua kwa mkono, masjala, pamoja na nakala yako. Nakala igongwe mhuri wa kupokelewa na tarehe. Bila mhuri huo, Julai utaambiwa barua haikuonekana. Baada ya siku 14 nenda ukaulizie namba ya jalada na imepelekwa kwa nani. Baada ya siku 21 andika barua ya kukumbushia inayotaja namba hiyo. Adabu ileile, maneno machache zaidi.

Swali ambalo kamati itauliza ni la mapato: banda la nyoka linajaza watu. Jibu na mpango badala ya maadili. Tabora ni mkoa wa asali, una chuo cha ufugaji nyuki; banda la kuonja asali, kutazama mzinga wenye kioo na kununua hujaa bila kumtesa mtu. Kigoma wapendekeze skrini yenye video za Gombe na Mahale. Jitolee kusimamia banda hilo, na muda wa zamu uandike kwenye barua.

Diwani na sheria ndogo

Masharti ya fomu yanafunga viwanja vya maonesho tu. Mwenye tumbili atahamia mnadani wiki inayofuata, kwa hiyo lengo la mwaka wa pili ni sheria ndogo ya halmashauri. Halmashauri za miji hutunga sheria ndogo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura 288, za wilaya chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura 287. Rasimu hupitia vikao, wananchi hutangaziwa watoe maoni, Baraza la Madiwani hupitisha, kisha huenda kwa Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa na kuchapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Usimuahidi mtu kwamba itakamilika ndani ya mwaka mmoja.

Baraza hukutana kila robo mwaka na wananchi wanaruhusiwa kuketi na kusikiliza, ila si kusema. Anayesema ni diwani, kwa hiyo tafuta mmoja ambaye kata yake ina mnada na umwandalie ukurasa mmoja usio na picha za kutisha. Mheshimiwa akiulizwa "nani mwingine amefanya hivi?", awe na majibu mawili: India ilizuia dubu, nyani, simba, chui na chui milia kwenye michezo kwa amri ya 1998, na Mahakama Kuu Zaidi ya nchi hiyo ikaiunga mkono mwaka 2001; pili, Bolivia ilipiga marufuku wanyama wote kwenye sarakasi mwaka 2009. Uingereza nayo ilitunga sheria mwaka 2019, lakini usianze nayo. Mtu atasema ni mambo ya Wazungu, na nusu saa yenu itaishia hapo.

Juni na Julai: redio, shule, mnada

Tabora kuna VOT FM na CG FM, Kigoma kuna Joy FM. Omba kipindi cha asubuhi, dakika 20, ukiwa na daktari wa mifugo na manju. Msiende watatu wenye maneno yaleyale. Daktari aseme juu ya mnyama, manju aseme juu ya ngoma, wewe useme ombi kwa sentensi moja: watu waingie kwenye mabanda yasiyotumia wanyamapori. Jina la mwenye banda lisitajwe hewani.

Mnadani zungumza Kinyamwezi au Kiha, simama karibu na wauza nguo na si karibu na ng'ombe, na gawa karatasi 200 zenye picha mbili za tumbili na sentensi mbili. Ukitaka maandamano au mkutano wa hadhara, sheria inataka taarifa ya maandishi polisi angalau saa 48 kabla. Binafsi hatuoni faida ya maandamano kwenye suala hili. Yanaleta picha nzuri na maadui wapya.

Agosti: siku nane zenyewe

Weka zamu za watu wawili wawili, saa tatu kila zamu. Kazi yao ni kujaza fomu na kumpigia daktari wa mifugo au TAWA, basi. Usimguse mnyama. Usimfungulie. Chatu aliyeachiwa Ipuli ataishia kwa mtu mwenye panga, na tumbili aliyelelewa kwa kamba hajui kujitafutia wala hakubaliwi na kundi la porini. Isitoshe, kumwachia mnyamapori bila idhini kutakuingiza wewe kwenye kosa.

Kabla ya kuripoti banda lolote, uliza TAWA mnyama akichukuliwa atapelekwa wapi na kwa usafiri gani. Majibu yakiwa hafifu, tafuta kreti la mbao lenye matundu ya hewa, blanketi na gari mapema. Maofisa wengi husita kuchukua mnyama kwa sababu tu hawana pa kumweka usiku huo.

Septemba

Andika ripoti ya kurasa nne: mabanda mangapi, wanyama wangapi, masharti gani yalifuatwa, yapi hayakufuatwa, na daktari alifika mara ngapi. Walioacha kuleta wanyama wao watajwe kwa shukrani, wakikubali. Nakala ipelekwe masjala ileile, kwenye jalada lilelile, kabla halmashauri haijaanza kuandaa bajeti ya mwaka unaofuata, pamoja na ombi kwamba gharama ya ukaguzi wa daktari iingizwe humo. Mhuri usisahauliwe.